We mwembamba unataka kuhamishiwa mafuta? Pitia haya kabla hujatoa hela

Hii naandika kwa ajili ya wadada wembamba wenzangu, wale tulioanza kuitwa kimbaumbau tangu darasa la tatu na hadi leo ukikaa kwenye kiti cha plastiki unasikia mfupa unagonga. Mi nina urefu wa sentimita 168, na wakati naanza kuwaza haya mambo ya BBL, yaani sajari (upasuaji) ya kukuza makalio kwa mafuta yako mwenyewe, nilikuwa na kilo 52, nikienda soko la Kilombero hapa Arusha wamama wa mitumba wananitafutia jinzi kwenye fungu la watoto, si unaelewa. Nimezunguka na hili suala karibu miaka miwili, nimeonana na madaktari, nimeonana pia na matapeli, na nimemuuguza shoga yangu wa Moshi wiki mbili nzima baada ya yeye kufanyiwa, kwaiyo ntakayosema hapa mengine nimeelezwa na madaktari na mengine nimeyaona kwa macho yangu nikiwa nimeshika beseni.

Sajari yenyewe ni hivi. Wanakufyonza mafuta sehemu yalipo, tumboni, kiunoni, mapajani, mgongoni chini ya sidiria, wanayasafisha, alafu wanayarudisha kwa sindano nene butu sehemu unayotaka ijae, iwe makalio, hipsi, matiti au uso. Mafuta ni ya kwako mwenyewe, ya dada ako mnene huwezi kuwekewa hata akiwa na roho nzuri namna gani, mwili utayakataa. Sio kitu kipya, Mjerumani mmoja anaitwa Gustav Neuber alishahamisha mafuta ya mkono kwenda usoni mwaka 1893, ila bila ufyonzaji wa kisasa usingeweza kupata mafuta mengi, na ufyonzaji ulikuja kushika kasi miaka ya 1970 na 1980 kule Ulaya. Sasa tatizo letu sisi lipo kwenye hilo neno la kwanza kabisa, kufyonza. Kufyonza nini?

Hatua ya kwanza, ujue kwanza wembamba wako umetoka wapi

Watu wengi wanaruka hii. Kama ukoo wenu wote ni wembamba na we uko hivyo tangu utoto, unakula, unalala, huumwi, sawa. Ila kama ulikuwa na kilo 60 miaka miwili iliyopita na leo una 51 na hujui kwanini, usitafute sajari, tafuta vipimo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inakukausha, sukari inakausha, TB inakausha, VVU inakausha, minyoo, vidonda vya tumbo, msongo wa mawazo, na kuna wengine tunakula mlo mmoja kwa siku alafu tunasema "mi ndo nilivyoumbwa". Mi nilipima vyote, pale Arusha tu, sikuhitaji kwenda mbali, na kilichoonekana ni upungufu wa damu ambao sikujua kama ninao. Damu ikiwa ndogo hakuna daktari wa maana atakayekupandisha kitandani kwa kitu cha urembo, kwaiyo hapo tu nilipoteza miezi mitatu nikila vidonge vya madini ya chuma na maini.

Na ujiulize pia nani anayetaka hiyo shepu. Nasema tu. Nina mtu namfahamu bwana ndo aliyetoa hela na bwana ndo aliyechagua saizi, na bwana hayupo tena.

Hatua ya pili, piga hesabu ya mafuta yako (hapa kaa vizuri)

Tuseme unataka uongezewe mililita 300 kila upande wa makalio. Hiyo ni kama chupa moja ya soda kila upande, na kwa wale wanaofanyiwa wakiwa wanene sio nyingi, wengine wanawekewa zaidi ya mara mbili ya hapo. Pande mbili ni mililita 600 za mafuta safi. Lakini kinachotoka kwenye mrija wa kufyonzea sio mafuta matupu, kimechanganyika na maji ya ganzi waliyokumiminia, damu, na seli zilizopasuka, ukishasafisha kinachobaki chukulia kama nusu hivi. Kwaiyo ili upate 600 inabidi ufyonzwe kama lita moja na robo. Alafu sio yote yanayowekwa yanaishi, madaktari wengi watakwambia utabaki na kama asilimia 50 mpaka 70 baada ya miezi kadhaa, yaliyobaki mwili unayala. Kwaiyo zile 300 zako kwa makadirio ya kati zinabaki 180, chupa ya soda imekuwa nusu.

Sasa mwembamba. Daktari wa pili niliyeonana nae, huko Dar, alinisimamisha mbele ya kioo akanifinya tumbo, akafinya ubavuni, akafinya paja la ndani, kila sehemu anapima unene wa mkunjo kwa vidole viwili huku anaandika, mwisho akaniambia dada, nikikukwangua mwili mzima labda nipate mililita 400 chafu. Nikapiga mwenyewe hesabu nikiwa kwenye bajaji. Mia nne chafu ni mia mbili safi, mia kila upande, itakayobaki ni kama 60. Unavijua vile vikombe vidogo vya wazee wa kahawa? Ndo hicho. Kikombe kimoja kila upande, kwa hela ya kununua boda boda mpya na chenji ikabaki.

Ukitaka kujikagua nyumbani kabla hujalipa hela ya kumuona daktari, simama wima, finya ngozi pembeni ya kitovu, juu ya nyonga, na paja la nje. Kama unachoshika ni ngozi tu nyembamba kama ya mkononi, jibu unalo. Kama kuna kitu kinajaa katikati ya vidole, japo kidogo, nenda ukapimwe. Pima na BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, chukua kilo zako gawanya kwa urefu wa mita mara urefu wa mita, mi nilipata 18.4, na chini ya 18.5 tayari unahesabika kuwa na uzito pungufu. Kuna wanaofanyia watu wembamba, ila wengi wao wanataka angalau uwe 20 kwenda juu, na watakupa ongezeko dogo.

Kitu kingine ambacho hamna mtu aliniambia mpaka nilipouliza, kukwangua mafuta kidogo kidogo sehemu nyingi kuna gharama yake kwenye mwili. Mtu mwenye mafuta ya kutosha ukimchota tumboni inabaki tabaka la kutosha kuficha makosa. Mwembamba ukimchota sana ngozi inashikana na nyama, unabaki na mabonde na mistari ambayo ukivaa gauni la kubana inaonekana. Unaongeza nyuma unaharibu mbele. Na kila sehemu wanapoingiza mrija kuna kakovu, kadogo kweli ila kwa ngozi zetu wengine zinavimba makovu, kama una historia ya makovu ya kuvimba sema mapema.

Hatua ya tatu, chagua sehemu inayoendana na akiba yako

Watu wakisikia kuhamisha mafuta wanafikiria makalio tu. Uso unahitaji mafuta kidogo sana, kuanzia mililita 10 mpaka 40 hivi, hata kimbaumbau anazo, kwaiyo kama kinachokusumbua ni mashavu kuzama na macho kuingia ndani, hiyo hesabu inakubali. Vile vibonde vya pembeni kwenye hipsi navyo vinaweza kujazwa na kiasi kidogo. Matiti yanaweza kuongezeka kidogo, kama saizi moja ya sidiria, ila ujue mafuta yanayokufa humo ndani yanaweza kuacha vivimbe vya mafuta au chembe ngumu zinazoonekana kwenye picha za kipimo cha saratani ya matiti, lazima umwambie kila daktari atakayekupima baadae kwamba uliwahi kuwekewa, la sivyo mtahangaika wote. Makalio ndo yanayokula mafuta mengi kuliko sehemu zote na ndo yenye hatari kubwa, nakuja hapo.

Hatua ya nne, kunenepa kwanza, ila kwa chakula

Daktari alinipa jibu la hapana lenye mlango, akasema ongeza kilo tano, zikae miezi mitatu bila kushuka, alafu rudi. Hiyo ya zikae ni muhimu. Seli za mafuta zikihamishwa zinaendelea na tabia zile zile, ukinenepa zinajaa, ukikonda zinasinyaa popote zilipo. Ukijilisha kwa nguvu mwezi mmoja ukafanyiwa alafu ukarudi kwenye uzito wako wa siku zote, na makalio yanarudi nayo, umelipia puto.

Mi nilipata bahati ya kuzaliwa huku kwetu. Parachichi zipo za kumwaga, maziwa ya mtindi, loshoro, ndizi za machalari, kiburu, mtori asubuhi, karanga kwenye uji, mayai mawili kabla ya kulala. Nilitumia miezi saba kutoka 52 mpaka 57, polepole sana, na BMI ikafika 20.2. Nilikuwa naenda na jimu, maana nyama ya kalio ni msuli na msuli unakua, ile ya kuinua nyonga na chuma ukiwa umeegemea benchi, skwati, kupanda kiboksi, mara tatu kwa wiki na ukila protini ya kutosha, miezi minne mitano unaona tofauti. Ntasema ukweli hata kama mtachukia, kwa mwembamba jimu na chakula vinaweza kuzidi kile kikombe cha kahawa.

Usiguse vidonge vya kunenepesha vya mtaani. Vile vinavyouzwa kwenye pakti za nailoni bila jina, vingi vinakuwa na dexamethasone au cyproheptadine. Dexa inakuvimbisha uso kama mwezi, inapandisha presha na sukari, inakondesha mikono na miguu, na mbaya zaidi kwa mtu anayeenda kwenye kisu, inafanya vidonda vichelewe kupona na inalaza tezi zinazotengeneza homoni ya kuhimili msukosuko, mwili unaweza kuporomoka katikati ya oparesheni. Kama umeshavitumia mwambie daktari wa usingizi, usione aibu, na usiache ghafla bila kuongea nae.

Na sindano. Kuna mdada alinipeleka chumba cha nyuma ya saluni, sitasema mtaa gani, nikaambiwa kuna sindano ya kukuza makalio dakika ishirini unaondoka unatembea. Nikauliza kuna nini humo ndani, nikajibiwa "ni ya Kichina, haina shida". Nikachukua pochi yangu. Watu wanachomwa silikoni ya maji au mafuta ya ajabu ajabu, inatambaa, inaleta mabonge na vidonda hata baada ya miaka, ikiingia kwenye mshipa unakufa, na kuitoa yote haiwezekani. Kuliko hicho bora kigodoro. Kigodoro kizuri ukivaa na gauni la kitenge kwenye sendofu hamna anayejua, na jioni unakivua unakitundika.

Hatua ya tano, daktari, na maswali ya kumuuliza

Hii BBL ndo iliyowahi kuonekana kuwa na vifo vingi kuliko sajari zingine za urembo. Uchunguzi uliotoka 2017, waliwauliza madaktari wenyewe wa nchi mbalimbali, ulikadiria kifo kimoja kwa kila watu kama 3,000. Sababu ilijulikana baada ya kuwapasua marehemu, mafuta yalikuwa yamewekwa ndani ya msuli wa kalio au chini yake, kule kuna mishipa minene ya damu, sindano ikiichana mafuta yanafyonzwa yanakimbilia kwenye moyo na mapafu, mtu anafia kitandani au masaa machache baadae. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa urembo cha Uingereza kiliwaambia wanachama wake waache kabisa, mpaka 2022 waliporuhusu tena kwa masharti, mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, juu ya msuli, na daktari awe anaangalia ncha ya sindano kwa ultrasaundi. Florida kule Marekani nao 2022 wakaweka ultrasaundi na daktari mmoja asizidi BBL tatu kwa siku. Baada ya watu kuanza kukaa juu ya msuli makadirio ya vifo yalishuka mpaka kama 1 kwa 15,000.

Sasa mwembamba mwenzangu fikiria. Kama sehemu salama ni kati ya ngozi na msuli, na we hapo katikati huna kitu, nafasi ya kuweka mafuta iko wapi? Ndogo. Ngozi imebana, ukisukuma mengi yanakosa pa kwenda yanatafuta njia kushuka chini, na daktari mwenye tamaa anashawishika kuingia kwenye msuli ili mteja aondoke ameridhika. Daktari wangu alinieleza kwa mfano wa shamba, we si Mchaga, akasema, ukibananisha migomba kwenye kihamba kidogo itatoa nini? Mafuta yanaishi kwa kupata damu kutoka pembeni yake, yakiwekwa kama vijiuzi vyembamba vilivyoachana yanashika, yakiwekwa bonge la kati linakosa damu linakufa, linabaki jiwe au kifuko cha mafuta yaliyooza.

Kwaiyo maswali yangu yalikuwa haya na niliyaandika kwenye simu nikasoma bila aibu. Mafuta utayaweka wapi, juu ya msuli au ndani? Unatumia ultrasaundi wakati unaingiza? Umeshafanyia wembamba wangapi wenye umbo kama langu na naweza kuona picha zao za baada ya mwezi wa sita, sio za wiki ya pili wakati bado wamevimba? Nani anatoa nusu kaputi, daktari wa usingizi kabisa au nani? Nikipata shida saa nane usiku napelekwa wapi, na hapa kuna ICU? Siku hiyo una wateja wangapi? Wa kwanza, yule wa simu aliyekuwa ananitumia picha za wadada wa Kimarekani, alijibu swali moja tu, la bei, na akasema njoo hata kesho bila kuniona wala kuniuliza kilo. Mtu anayekukubalia mwembamba bila kukufinya huyo hana nia na wewe ana nia na hela.

Angalia pia kama amesajiliwa. Baraza la Madaktari Tanganyika ndo linasajili madaktari, unaweza kuhakiki jina, na ujue kuna tofauti kati ya daktari yeyote na bingwa wa upasuaji rekebishi. Kwa hapa nchini huduma za urembo za namna hii zimeanza hata kwenye hospitali ya umma, Muhimbili Mloganzila, na zipo binafsi Dar. Watu wa Arusha wengi wanavuka Namanga kwenda Nairobi, wengine India na Uturuki. Sisemi Nairobi ni kubaya, wapo wazuri, ila 2024 kuna mama alifariki huko siku chache baada ya kufyonzwa mafuta na mamlaka ya Kenya ikaifunga kliniki, kwaiyo hata huko hakiki usajili wa daktari na wa kliniki yenyewe.

Hatua ya sita, hela na barabara

Bima haihusiki, NHIF hailipi urembo. Ukiambiwa bei uliza imebeba nini, maana kuna sajari, usingizi, chumba, vipimo, dawa, nguo ya kubana (unahitaji mbili, moja ikifuliwa nyingine uvae), mto maalum wa kukalia, nauli, gesti au ndugu wa kukaa kwake, chakula, na mtu wa kukuhudumia ambae ameacha kazi yake. Weka na akiba ya tatizo, kidonda kikioza ukarudishwa ndani nani analipa? Usikope kikoba. Tafadhali. Marejesho ya kila wiki na wewe hujakaa chini wiki tatu unafanyaje biashara.

Alafu umbali. Arusha mpaka Dar kwa basi ni siku nzima umekaa, zaidi ya kilomita 600. Nairobi ni kama 270, masaa matano sita ukihesabu na mpaka. Ukishafanyiwa makalio huruhusiwi kukalia, na kukaa muda mrefu bila kutembea kunaleta bonge la damu miguuni ambalo likipanda kwenye mapafu ni kifo. Shoga yangu alipanga kurudi Moshi siku ya nne na basi la asubuhi, nikamwambia thubutu. Alikaa Dar siku 14 kwa shangazi yake, ndo akarudi kwa ndege kutua KIA, mto chini ya mapaja, soksi za kubana, anasimama kila nafasi. Kwaiyo bajeti ya mtu wa kaskazini lazima iwe na hizo wiki mbili, usijidanganye.

Hatua ya saba, vipimo na vya kuacha

Wingi wa damu, kundi la damu, uwezo wa damu kuganda, sukari, figo, ini, VVU, homa ya ini, ujauzito, moyo kama una umri au historia, na seli mundu, hiyo usiisahau kwetu huku. Mwembamba ana damu kidogo, kama mililita 65 kwa kila kilo, mtu wa kilo 52 ni lita 3.4 tu, kwaiyo damu ambayo mtu wa kilo 80 akipoteza haistuki sisi tunazimia. Hata maji ya ganzi yanapimwa kwa kilo, ukiwa mdogo kiwango chako kinaisha haraka, sababu nyingine ya kukataa kukwanguliwa mwili mzima kwa siku moja.

Sigara na shisha acha angalau wiki nne kabla na baada, nikotini inabana mishipa na mafuta yanakufa njaa. Kama unatafuna mirungi mwambie daktari wa usingizi, hatakuitia polisi. Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni, vidonge vya vitunguu saumu, mitishamba isiyojulikana, uliza lini uache, kawaida wiki moja mpaka mbili kabla. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya damu kuganda, navyo uulize. Unanyonyesha, subiri. Unapanga mimba mwaka huu, zaa kwanza, mwili utabadilika wenyewe na huenda ukapata mafuta ya bure.

Siku yenyewe sina mengi, hujala tangu usiku, wanakuchora na kalamu ukiwa umesimama, hapo ndo nafasi yako ya mwisho ya kusema hapana hapo msinichote, unalala, masaa mawili matatu unaamka unatetemeka.

Wiki za kuuguza

Hapa nilikuwepo. Siku tatu za kwanza yale maji ya ganzi yanavuja kwenye vitundu, mekundu mekundu, unatandika nailoni na kanga za zamani, shoga alidhani anaishiwa damu akalia, ila hiyo ni kawaida ikiwa inapungua kila siku. Analala kifudifudi tu. Chooni ni kuchuchumaa nusu au kuegemea mbele, hakuna kukaa, na choo cha shimo kilimsumbua kidogo kuliko cha kukaa, amini usiamini. Maumivu makali hayakuwa makalioni, yalikuwa tumboni na mapajani walikochota, anasema ni kama amepigwa na mwiko wa ugali usiku kucha. Tulimtembeza ndani kila masaa mawili mchana. Nguo ya kubana wiki sita mpaka nane, kalio halibanwi. Kukaa moja kwa moja hakuna kwa wiki mbili za mwanzo, baada ya hapo unakalia mto uliowekwa chini ya mapaja ili kalio lielee, mpaka wiki ya sita au ya nane. Boda boda na daladala za Pasua sahau, yale matuta yatakumaliza.

Chakula ni muhimu maana mafuta mapya yanahitaji mwili ulioshiba, sio wakati wa kufanya dayati. Mama yake alimpikia mtori kama mzazi, kila asubuhi kibuyu kizima, majirani wakaanza kuuliza mtoto yuko wapi.

Dalili za kukimbia nazo hospitali bila kumpigia mtu simu kwanza: kupumua kwa shida, kifua kuuma, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, vidoti vyekundu kifuani au machoni, hasa siku tatu za mwanzo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi. Homa kupita 38, usaha, harufu, ngozi kuwa nyeusi. Ukiwa Moshi nenda KCMC, Arusha nenda hospitali kubwa yenye dharura saa 24, na useme wazi nimefanyiwa kuhamishiwa mafuta siku fulani, usiseme umeanguka bafuni. Kuna watu wanaficha kwa aibu wanachelewa kutibiwa.

Mwezi wa sita

Wiki ya pili ukijiona kwenye kioo utafurahi sana, usifurahi, huo ni uvimbe. Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu vinashuka na hapo wengi wanapata huzuni, shoga alikuwa ananitumia picha saa tano usiku, "inaisha, inaisha". Pima na futi ya fundi cherehani siku ile ile ya kila mwezi, usipime kila siku. Kilichopo mwezi wa sita ndo chako, mradi kilo zisishuke. Yeye alikuwa na kilo 60 wakati anafanyiwa, akawekewa 250 kila upande, na mwezi wa sita futi ilionyesha ameongezeka sentimita tatu. Amefurahi. Gauni zimekaa. Ila ukimuona pale Double Road hutajua kama amefanya kitu, na yeye ndo alitaka hivyo, wewe kama unataka watu wageuke barabarani kwa mwili wa kilo 55, hiyo haipo.

Mwezi wa saba akarudi kuomba raundi ya pili. Daktari akamfinya tumbo, akamfinya ubavu, akamfinya paja, akamwambia hapana pa kuchota tena. Mto wake ameniazima mimi, nina kilo 57 bado, umekaa juu ya kabati na sijautoa kwenye nailoni.